Nimeshika Fimbo Tu

Tangu darasa la pili nilikuwa daktari.
Wageni wakiuliza, nilijibu kabla soda haijafunguliwa,
baba akacheka, akaniongezea biskuti.
Miaka tisa nimekula biskuti za udaktari.

Sasa mtihani wa kidato cha nne umekwisha,
matokeo bado,
joto la Chang'ombe limekaa juu ya mabati,
na shangazi Mbumi, muuguzi wa zahanati, akasema:
"Nguo hununuliwi bila kuipima, binti.
Njoo Jumatatu. Vaa viatu vya kufunika vidole."

Siku tisa nilishinda naye.
Hakuna aliyenipa sindano. Nilipewa ufagio, mafaili,
na miguu ya watoto niishike wakati wanachomwa.
Damu haikunitisha; kwa damu nilikuwa nimejiandaa.
Kilichonishinda ni foleni:
nyuso za saa mbili, saa saba ziko palepale kwenye benchi,
zinanitazama mimi, mwenye ufagio,
kana kwamba najua.
Shangazi huwasalimu kwa majina hadi yule wa mwisho.
Mimi saa nne nilishaanza kuutazama mlango.
Nimeliandika hilo daftarini. Sikulipamba.

Jirani yetu Ndahani hupima ardhi.
"Unaweza kutembea?" Usaili ukaishia hapo.
Alfajiri ya saa kumi na moja tukawa njia ya Nala,
upepo umeamka kabla yetu na vumbi lake mkononi.
Akanipa fimbo ndefu yenye kioo kichwani,
kazi yangu kuisimamisha wima.
Basi. Wima.
Kuna kipovu cha hewa ndani ya kichupa;
kikihama katikati, Ndahani anapunga mkono
kutoka kule mbali kwenye mashine,
nami narudi kukibembeleza
kama mtoto anayekataa usingizi.
Miiba ya migunga ikaniandika miguuni.
Nikapenda. Sijui kwa nini nilipenda.
Labda kwa kuwa kipovu hakibembelezeki kwa maneno,
wala hakijui baba anataka nini.

Siku ya nne tukaingia kwenye uwele,
umefika magotini, kijani cha mvua mbili tu.
Bikoni ikaangukia katikati.
Mama mmoja akatoka nyumbani, jembe begani,
hakupiga kelele. Alinijia mimi, si Ndahani.
"Ndiwe unayelikata shamba langu?"
"Mimi nimeshika fimbo tu, mama."
Akanitazama kuanzia kwenye vumbi la viatu.
"Hata mwenye panga husema ameshika mpini tu."

Ndahani akazima mashine.
Akaja, kofia mkononi. "Mbukwa," akamsalimu,
akakaa chini, kwenye udongo wenyewe,
akatandaza ramani magotini.
Barabara ni hii. Kiwanja chako kitakuwa hiki.
Fidia huulizwa ofisi ile, siku ile,
na karatasi usiyosomewa usiitie dole.
Mama akauliza. Akauliza tena. Akamwita mwanawe naye aulize.
Saa mbili zikaenda, hatukupima hata hatua moja.
Nami nilikuwa bado nimeisimamisha fimbo wima,
ingawa hakuna aliyeniangalia.

Kwenye pikapu, tukirudi,
nikauliza kama chuoni hufundisha na hayo.
"Hesabu watakufundisha," akasema, akikwepa ng'ombe,
halafu akanyamaza hadi Kizota.

Jioni nyumbani kuna mgeni, na soda, na sahani.
"Na huyu, anataka kuwa nani?"
Baba akafungua kinywa. Nikamtangulia:
"Bado napima."
Mgeni akacheka. Baba akaiangalia sahani,
biskuti ikabaki upande wake.

Kesho naamkia Nala.
Zimebaki bikoni mbili,
na yule mama ameniagiza nipite kwake kwanza:
anataka akione kwa macho yake
hicho kipovu.